Nani Aliuchonga Mlango Huu?

Kwa muda wa mwaka mzima, jioni moja ya kila mwezi isipokuwa mwezi wa Ramadhani, nimehudhuria mihadhara ya historia ya sanaa inayoandaliwa na jumuiya ndogo ya wakaazi wa Mji Mkongwe. Ukumbi ni chumba kimoja cha ghorofa ya chini, viti ni vya plastiki, na picha huoneshwa juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Kiingilio hakuna. Mimi ninasomesha siasa na utawala, na nilikwenda kusikiliza nikiwa na swali la taaluma yangu: mji unapoamua nini kihifadhiwe, huwa unaamua pia nani akumbukwe. Je, sisi tumeamua vipi?

Mhadhara wa kwanza ulihusu msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwenye kibla chake kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yamebaki. Yanamtaja aliyeamuru msikiti ujengwe, na yanautaja mwaka. Aliyeshika patasi na kulikata jiwe lilipokuwa bado laini, kabla halijakauka na kuwa gumu, hakutajwa.

Miezi miwili baadaye ilikuja zamu ya milango. Tulioneshwa tofauti kati ya milango ya zamani zaidi, ambayo sehemu yake ya juu imenyooka, na ile ya upinde iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19 kwa athari ya mafundi na matajiri wenye asili ya Bara Hindi. Tukafundishwa kuitazama miimo, mfaa na vitufe vya shaba. Mwisho wa mazungumzo alisimama fundi seremala wa makamo, mkaazi wa Ng'ambo.

"Mwalimu," alisema, "nyumba hii umetuambia ilikuwa ya nani, na nani aliinunua baada yake. Mlango huu aliuchonga nani?"

Mhadhiri alikiri kwamba hakuna kumbukumbu.

"Basi babu yangu hakuwepo," fundi akasema, akaketi. Baadhi ya watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mzee mmoja alimjibu kwa upole kwamba fundi wa zamani hakutafuta sifa. Kazi yake ilikuwa sehemu ya ibada, na malipo yake yako kwa Mola. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini unyenyekevu wa fundi ni jambo moja, na kimya cha karani ni jambo jingine. Karani aliandika bei ya kiwanja, jina la mnunuzi na mipaka ya nyumba kwa uangalifu mkubwa. Mji huu ulijengwa kwa mikono ya watu huru na ya watumwa, na daftari lilijua vizuri nani wa kumwandika kama mwenye mali na nani wa kumwandika kama mali.

Jioni ya kanga ndiyo iliyojaza ukumbi kuliko zote. Kila msomaji wa Kiswahili anajua kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele alimwambia kijana aliyekuwa akizungumza: "Mwanangu, wakati wetu tulikuwa tukiyapeleka maneno dukani wenyewe. Mwenye duka akiyapenda, tunayaona kwenye nguo mwakani." Nguo ina jina, kiwanda kina jina, na mwenye duka ana jina. Mtunzi wa maneno, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, amebaki nje ya pindo.

Kisha tukafika Beit al-Ajaib. Sote tunajua lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash. Tunajua pia kwamba tarehe 25 Disemba 2020, lilipokuwa likifanyiwa ukarabati, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Niliwauliza wanafunzi wangu majina ya masultani, wakaniorodheshea. Nikawauliza majina ya wale wawili. Darasa likanyamaza.

Hapo ndipo mihadhara hii ilipoacha kuwa burudani ya jioni. Jengo la matumbawe, chokaa na boriti za mikoko haliishi kwa kuandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, ingawa Mji Mkongwe umo katika orodha hiyo tangu mwaka 2000. Linaishi kwa sababu yupo mtu anayejua kuichoma chokaa, kuiloweka, na kuisubiri hadi iive. Anajua kwamba saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huufungia unyevu ndani, na ukuta huanza kuoza huku sura yake ikipendeza. Ujuzi huo umo katika mikono ya watu. Jamii isiyowaandika watu hao haitajua siku walipotoweka; itaona tu kuta zinaanguka.

Mhadhara wa mwisho ulimhusu Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza, na akashinda Tuzo ya Turner mwaka 2017. Katika kazi yake moja ya mwaka 2004 alisimamisha sanamu bapa 100 za Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya Ulaya, na kila mmoja akampa jina lake la asili, jina alilobandikwa na mabwana, na kazi aliyoijua. Mtoto wa visiwa hivi alikwenda ugenini akawapa majina watu waliosahauliwa huko. Sisi tuliobaki tunaweza kuanza na walio hai.

Kwa hiyo ninawaandikia hasa wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma. Tangu mwaka 1985 tunayo mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, chombo kipo. Kila mkataba wa ukarabati unaweza kuwa na kifungu kimoja kinachotaka majina ya mafundi na wasaidizi wao yawekwe katika jalada la jengo, pamoja na kazi aliyoifanya kila mmoja. Kila kibao kinachomtaja mfadhili kinaweza kuwa na mstari wa pili. Na wanafunzi wa vyuo vyetu, badala ya kunakili tena historia ya masultani, wakakae na mafundi wa Ng'ambo na Mwanakwerekwe, waandike nani alifundishwa na nani.

Gharama yake ni karatasi na nia. Kizazi kijacho kikiuliza nani aliuchonga mlango, kiweze kujibiwa kwa jina la mtu.