Macho Yakifumba, Kisogo Hakilali

Katika lugha yetu macho yamepewa mamlaka makubwa. Twasema macho hayana pazia. Mtu aliyeelimika twamwita aliyefumbuka macho. Na asiyejua kusoma twasema yu gizani. Sisi walimu wa Kiswahili tumezifundisha semi hizi miaka mingi pasipo kuuliza kama jicho ndilo hasa lionalo. Wataalamu watujibu kwamba silo. Jicho hupokea mwanga, likaugeuza kuwa ishara, na ishara hizo zikasafiri kwa mishipa ya fahamu hadi nyuma kabisa ya kichwa, kisogoni, penye sehemu ya gamba la ubongo inayoshughulika na kuona. Huko ndiko mlima unakokuwa mlima, na uso wa mama ukawa uso wa mama. Basi mtu aliyeona kwa miaka hamsini, kisha akapofuka, sehemu ile ya kisogoni huwaje? Hufa? Hulala? Ama hujitafutia kazi nyingine?

Swali hili hatukulipata vitabuni. Lilitujia Bwera.

Msafiri atokaye mjini Kasese kwenda Bwera hukata uwanda wa Mbuga ya Queen Elizabeth, akapita Kikorongo, Kinyamaseke na Kisinga, milima ya Ruwenzori ikimfuata upande wa kuume, mpaka afike mpakani Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha waitenga Uganda na Kongo. Kiswahili cha huku hakikuletwa na vitabu. Kilikuja na wafanya biashara, kikaja na askari, tena kikastawi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, uliokusanya vibarua wa makabila mengi tangu miaka ya 1950 hadi ulipodorora katika miaka ya 1970. Mwalimu wetu wa zamani, ambaye hatutamtaja jina maana yu hai na hapendi kusemwa, alikipata Kiswahili chake huko Kilembe akiwa kijana, kisha akakinyosha kwa kusoma. Ndiye aliyetufundisha upatanisho wa kisarufi, kwa fimbo na kwa mzaha.

Alipokaribia miaka sitini aliingiwa na glakoma. Maradhi haya hayana papara: msukumo wa maji ndani ya jicho huzidi, nao mshipa wa fahamu ukafa polepole kuanzia pembeni, hata mtu akabaki kutazama kama achunguliaye katika mwanzi. Mwenyewe asitambue mpaka siku anapojikwaa mlangoni pake. Mtoto wa jicho huondolewa kwa kisu na nuru ikarudi, lakini nuru iliyochukuliwa na glakoma hairudi. Mwalimu alipelekwa hospitali akiwa amekwisha kuchelewa.

Tulipokwenda kumjulia hali, alisubiri watu wa nyumbani watoke, kisha akatushika mkono. "Mwanangu," alisema, "funga mlango. Pale ukutani naona watu."

Alivyotueleza, walikuwa watu wadogo, wamevaa nguo nzuri za rangi, wakipita bila kusema neno. Siku nyingine hakuwaona watu bali ukili, kama mkeka uliosukwa vyema, umetanda chumba kizima. Alijua fika kwamba hawapo. Alikuwa kipofu, na kipofu haoni watu ukutani. Hilo ndilo lililomtisha, kwa kuwa nyumbani walikuwa wamekwisha kumsikia akiuliza, "Nani huyo?" Mmoja akanena habari za mizimu ya mlimani, mwingine akataka maombi, wa tatu akatamka neno ambalo mwalimu hakuweza kulisamehe, kwamba mzee ameanza kuwehuka.

Kiswahili kina neno zuri kwa mambo haya, nalo ni maruweruwe, ila sisi tulizoea kulitumia kwa mgonjwa wa homa au mlevi. Maruweruwe ya mwalimu ni ya namna ya peke yake. Mwaka 1760 mwanachuoni wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekaribia miaka 90, mwenye akili timamu na macho yaliyokwisha kuharibika, aliyekuwa akiona wanaume, wanawake, ndege na majumba ambayo hayakuwapo. Hali hiyo hata leo yaitwa kwa jina la Bonnet. Maelezo yake yamepatikana baadaye sana. Sehemu ya kisogoni ikinyimwa ishara za jicho hainyamazi. Seli zake huwa nyepesi kushtuka, zikaanza kupiga zenyewe. Mwaka 1998 wachunguzi wa London walipiga picha za ubongo wa watu wa namna hii wakati maruweruwe yalipowajia, wakakuta kwamba aonapo rangi, panachangamka pale pa kupambanua rangi, na aonapo nyuso, panachangamka pale pa kutambua nyuso. Naam, ubongo ulikuwa ukiona kweli, ila hapakuwa na kitu mbele yake.

Wala si wazee tu. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya watu 13 wenye macho mazima waliokubali kufungwa vitambaa siku tano mfululizo. Kumi kati yao waliona maruweruwe.

Tulimsomea mwalimu habari hizi kwa sauti, tukizifasiri kadiri tulivyoweza. Alipomsikia yule babu wa Geneva alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatuamuru tuwaite mkewe na wanawe, tukasoma upya tangu mwanzo. Neno la kuwehuka halikutajwa tena nyumbani mle, angalau sisi tukiwapo.

Lakini jambo la pili alilotaka lilikuwa gumu zaidi. Alitaka kusoma. Alikuwa ameambiwa na mkubwa mmoja wa ofisi fulani kwamba maandishi ya nukta nundu ni ya watoto, na kwamba ubongo wa mtu mzima umekwisha kukomaa, haufundishiki kwa kidole. Tumelifikiri sana neno hilo, maana halikutoka hewani.

David Hubel na Torsten Wiesel, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walifumba jicho moja la paka wachanga kwa kushona kope. Walipolifungua baadaye, jicho lilikuwa zima lakini paka hakuweza kuona kwalo, kwa kuwa seli za kisogoni zilikuwa zimekwisha kuhamia upande wa jicho lililobaki wazi. Paka mzima aliyefanyiwa vivyo hivyo hakupata hasara ile. Kwa kazi yao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981, na faida yake hata sisi wa vijijini twaiona: mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho asicheleweshwe hata kidogo, ilhali bibi aliyefunikwa na mtoto wa jicho miaka kumi aweza kufunguliwa leo na kesho akawatambua wajukuu wake. Kisogo cha bibi kilijifunza kuona zamani, nacho hakisahau. Ila watu wakachukua mafunzo ya paka yule wakayavuta kupita kiasi. Wakasema ubongo wa mtu mzima ni chungu kilichokwisha kuchomwa. Ama ukitumie kilivyo, ama kivunjike.

Chungu hicho kimeonekana kuwa na udongo mbichi. Mwaka 1992 Wiesel yuleyule, pamoja na Charles Gilbert, walieleza kwamba wanyama wazima walioharibiwa kipande cha retina, seli za kisogoni zilizokosa kazi zilianza kuitikia vipande vya jirani. Wengine wamebisha kuhusu kiasi cha mageuzi hayo, na ubishi wa wataalamu haufai kufichwa. Mwaka 1996 ikaonyeshwa kwamba watu waliopofuka utotoni, wakisoma nukta nundu kwa kidole, sehemu ya kuonea ya kisogoni huchangamka. Mwaka uliofuata wachunguzi waliivuruga sehemu hiyo kwa nguvu ya sumaku, nao wasomaji wakaanza kukosea herufi. Tena mwaka 2000 ikachapishwa habari ya mwanamke wa miaka 63, kipofu tangu kuzaliwa, msomaji hodari wa nukta nundu, aliyepatwa na kiharusi kilichoharibu kisogo chake pande zote mbili. Vidole vyake vilibaki na hisia, akaweza kutambua vitu kwa kuvigusa, lakini kusoma kukamtoka kabisa. Nukta zilikuwa kwake bapa. Mwanamke huyu hakuwahi kuona hata siku moja, naye alipoteza kusoma kwa kuharibikiwa na mahali pa kuonea!

Yule mkubwa wa ofisi angeweza kujitetea kwamba hao ni waliopofuka mapema. Ni kweli. Uchunguzi wa mwaka 1999 uliwakuta waliopofuka baada ya umri wa miaka 14 hivi hawakitegemei kisogo katika kusoma kama wale wa utotoni. Lakini wale watu wa kufungwa vitambaa siku tano wakafungua sura nyingine. Walikuwa watu wazima, wakafundishwa kutambua nukta nundu, na kabla ya siku tano kwisha sehemu yao ya kuonea ilikuwa imeanza kuitikia mguso wa kidole. Walipofunguliwa, katika muda wa saa 24 hali ile ikatoweka.

Siku tano hazitoshi kuotesha mishipa mipya kutoka kidoleni hadi kisogoni. Kwa hiyo yumkini njia zilikuwako tangu zamani, zimelala. Mtu wa Bwera halioni jambo hili kuwa geni. Mwaka 2020, mpaka ulipofungwa kwa watu kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yalipita darajani, na watu je? Kila mwenyeji ajua kwamba kandokando ya Lhubiriha kuna njia za panya, nyembamba, zilizofunikwa na majani, ambazo hakuna aliyezilima mwaka ule. Zilikuwako. Daraja likiwa wazi, hakuna azijaliye. Daraja likifungwa, nyayo zazifufua. Likifunguliwa, majani yarudi. Ila daraja lililofungwa daima, njia ya panya yaweza kuwa barabara. Wataalamu wasiposema kwa mfano huu, ni kwa sababu hawajafika Mpondwe.

Hatukumwahidi mwalimu makubwa. Shule za watoto wasioona zipo Afrika Mashariki tangu zamani: Thika tangu 1946, Buigiri karibu na Dodoma tangu 1950, na hapa Uganda Madera kule Soroti. Mtu mzima apofukaye Bwera hana shule yake, hupewa fimbo na pole. Tulimpata kijana mmoja asiyeona, aliyesomea mbali na kurudi kwao, akakubali kuja Jumamosi. Mwezi wa kwanza mwalimu alisema karatasi yote ni vipele. Mwezi wa tatu alimtukana kijana, na kijana, aliyelelewa vizuri, akajibu, "Ndiyo, Mwalimu, tuanze tena." Vidole vya mzee vilikuwa vimekauka kwa jembe na chaki, tena umri una haki yake, hasomi upesi wala hatasoma upesi. Ukurasa mmoja humchukua karibu nusu saa. Watu wa ukutani hawakuondoka, lakini huja kwa nadra, na asema hawaji kabisa akiwa anasoma. Hatujui kama sayansi italikubali hilo, twaliandika alivyolisema.

Mara ya mwisho tulimkuta barazani, karatasi nzito magotini, kijana pembeni yake. Alikuwa akisoma hadithi fupi tuliyoinakilisha mjini. Kidole chake kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena palepale. Akamwita kijana aguse naye. Kisha akatugeuzia uso.

"Nani aliyeandika ng'ombe bila ritifaa?" akauliza.