Wilbaro Mlimani Komarock

Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Susu kama ilivyo desturi ya Wakamba, hakuogopa nyoka wala fisi. Aliogopa kichupa. Kichupa kidogo cha mafuta alichobeba padre katika mfuko wa kanzu. Ngoja nikumiminie chai kwanza, maana kisa hiki hakisimuliwi mbiombio.

Ilikuwa miaka ya sabini, nje kidogo ya Kangundo. Kichomi kilikuwa kimemlaza Susu wiki mbili, na katekista akaona heri amwite padre. Tulisikia pikipiki ikipanda mlima kwa kukohoa, ikipita katikati ya mibuni. Susu naye aliisikia. Padre alipoinama kuingia mlangoni, kitanda kilikuwa kitupu. Mgonjwa alikuwa nyuma ya nyumba, mchi mkononi, anatwanga mahindi ya muthokoi huku jasho likimchuruzika na kifua kikipiga filimbi. "Padre," alisema bila kugeuka, "mimi sijafunga mizigo bado."

Alikuwa na sababu. Katika ujana wake mafuta yale yaliitwa mpako wa mwisho. Padre akionekana nayo njiani, seremala alianza kutafuta mbao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndio uliosema jina linalofaa zaidi ni mpako wa wagonjwa, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akatoa utaratibu mpya, kwamba mtu apakwe anapoumwa sana, asingoje mpaka roho imfike kooni. Lakini kutoka Roma hadi Kangundo ni mbali, na habari zilikuja kwa miguu. Padre wa watu aliketi kwenye kigoda, akamenyewa embe, akaeleza pole pole. Mwishowe Susu akakubali, kwa sharti kwamba padre asibane mafuta viganjani, maana mikono ndiyo inayolima. Aliishi miaka 11 zaidi. Kila alipovuna mbaazi, alitenga debe moja la padre.

Namtaja Susu kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kwenda mahali pa sala pamoja na wagonjwa. Baada ya kichomi kile hakukosa. Kanisa kuu letu la Machakos ni la Mama Yetu wa Lourdes, na sikukuu yake ni tarehe 11 Februari, siku ambayo mwaka 1858 kule Ufaransa binti wa msaga nafaka, Bernadette Soubirous, alisema amemwona Bibi pangoni. Jambo moja kuhusu Bernadette liliwagusa mama zetu kuliko chemchemi ya Lourdes na miujiza yake yote: yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Pumu ilimtesa tangu utotoni, na kifua kikuu kikamwondoa akiwa na miaka 35. Wengine walipona, yeye hakupona. Katekista alipolisimulia hilo, kanisa lilinyamaza kabisa, ukasikia tu watu wakikohoa huku na huku.

Papa Yohane Paulo II alipoifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993, kwetu ilikuwa kana kwamba dunia nzima imealikwa nyumbani. Februari Machakos ni jua kali na maembe. Ningefumbwa macho ningeitambua siku ile kwa harufu: maembe yaliyoiva kwenye vyondo vya katani, ubani, dawa ya kuchua viungo, vumbi la matatu kutoka Mwala na Masii, na uji wa wimbi unaofunguliwa kwenye thamosi kabla Misa haijaisha. Wagonjwa walikaa mbele. Wenye kansa walifunika vidonda kwa leso safi kabisa, zilizopigwa pasi ya makaa. Ile pasi ilinitoa machozi kila mwaka. Mtu anaoza, lakini leso yake imenyooka.

Lakini moyo wangu uko Komarock. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Kangundo utakiona, kilima cha mawe kimechomoza peke yake kwenye tambarare, na nyuma yake Kilimambogo amejifunika wingu. Kwa Kikamba, koma maana yake ni lala, na ukikitazama jioni kwa mbali utadhani ni ng'ombe mkubwa amelala akicheua. Wakatoliki hupanda pale kuisali Njia ya Msalaba, vituo 14, hasa Ijumaa Kuu. Mawe yanachoma nyayo. Upepo unapeperusha vitambaa vya kichwa. Spika iliyofungwa juu ya pikapu inakwaruza, sala inaanza kwa Kiswahili chini na kumalizika kwa Kikamba juu, kwa sababu mtu akichoka hurudi kwenye lugha ya mama yake.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2005 iliangukia tarehe 25 Machi. Ukambani tulikuwa bado tunalia. Mwaka uliotangulia, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu na kuwa sumu, ile waliyoiita aflatoksini. Makueni, Kitui na hapa kwetu watu 317 waliugua, na 125 walikufa, macho ya manjano na matumbo yamevimba. Walikufa kwa kula ugali. Kwa hiyo siku ile mlima ulijaa watu wenye maswali, na padre, Mungu ambariki, hakujifanya ana majibu. Alituombea, akamwombea na Papa, ambaye naye alikuwa hoi. Jioni tulimwona kwenye televisheni ya jirani. Alikuwa ameshindwa kwenda Colosseum kwa Njia ya Msalaba, ameketi katika kikanisa chake, tunaonyeshwa mgongo tu, mikono imeshika msalaba. Siku nane baadaye akafariki.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu hiyo, chini ya mlima, ndipo nilipoiona wilbaro. Kijana wa miaka thelathini hivi alikuwa amelala ndani yake, juu ya magunia mawili na kipande cha godoro, magoti yamekunjwa kama ya mtoto. Aliyekuwa akiisukuma ni mdogo wake. Gurudumu lilikuwa la chuma, likilia kwii, kwii kwenye kila jiwe. Njia ilipokuwa mbaya, wanaume wanne waliinua wilbaro nzima mabegani, na kila kituo wanne wengine wakapokea. "Nibebeni nikiwa nimeketi," aliwaambia, "nikilala mtanizoea vibaya." Tukacheka sote, yeye zaidi, mpaka kikohozi kikamshika.

Kwenye kituo cha sita, pale Veronika anapompangusa Yesu uso, walimtua chini ya mgunga. Akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ana ukimwi. Elewa ilikuwa miaka gani. Serikali ilikuwa imetangaza ukimwi janga la taifa mwaka 1999, lakini kijijini neno lenyewe lilikuwa bado linanong'onwa, na sahani ya mgonjwa ilioshwa kando. Niliona watu wakirudi nyuma, nusu hatua tu, hatua ambayo mtu anaweza kuikana. Mdogo wake alikuwa akimnywesha maji kwa kikombe cha plastiki cha kijani, kimepasuka ukingo. Kisha mama mmoja mzee sana, mwenye masikio yaliyotogwa ya zamani, akasogea akiegemea fimbo. Akasema, "Nami nina kiu." Akakitwaa kile kikombe kutoka mdomoni mwa kijana, akanywa yaliyobaki, taratibu, mpaka akaonyesha koromeo. Akafuta midomo kwa upande wa leso, akarudi kwenye nafasi yake. Tukaendelea kituo cha saba. Waliotaka kuibeba wilbaro walikuwa wengi hata ikabidi wapange zamu.

Kijana yule hakupona. Mvua zile za Aprili hakuzimaliza. Mwaka uliofuata, 2006, serikali ikatangaza kwamba dawa za kupunguza makali zitatolewa bure katika hospitali za umma, na mimi nilisimama na gazeti lile mkononi sokoni Tala, nikahesabu miezi kwa vidole. Hata leo nikihesabu, kifua kinabana. Sijawahi kusema kwamba safari ile ilikuwa bure. Alipanda mlima mabegani mwa watu hamsini ambao asubuhi hawakumjua, na alishuka wakimwita mwenzetu.

Siku hizi watu huja kwa mabasi ya kukodi yenye viti laini. Sadaka hutumwa kwa M-Pesa. Mgonjwa aliyebaki nyumbani huwekewa simu karibu na mto, akaona Misa yote bila kupigwa jua, na ni jambo jema, sitalinenea vibaya. Majirani zangu wawili hawana njia nyingine. Ila simu haina bega. Vijana nao ni wapole, wakikuona unahema wanakutafutia mtu mwenye gari. Wa kukubeba wamepungua, na hata sisi wa kubebwa tumekuwa na haya.

Yule mdogo wa kijana wa wilbaro hakuacha kuja. Ijumaa Kuu ya 2006 nilimkuta chini ya mlima na wilbaro ileile, safari hii imejaa mitungi ya maji, anawagawia wagonjwa bure, vikombe vitano vya kijani vimening'inia kwenye mshipi. Mwaka hadi mwaka namkuta pale. Nywele zimeanza mvi, gurudumu la chuma limebadilishwa, sasa ni la mpira, halilii tena. Mwaka jana nilifika kituo cha pili magoti yakagoma. Nikashika mwamba, nikajifanya natazama Kilimambogo. Akanitazama kidogo. Hakusema kitu. Akatua mitungi mmoja mmoja kivulini, akageuza wilbaro, akakunja gunia mara mbili na kulipiga vumbi kwa kiganja.

"Mwaitu," akasema, kama amwitavyo mama yake, "keti."

Nikaketi.