Alasiri ya Kimya Katika Hori ya Mida

Hori ya Mida iko karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi, nayo imezungukwa na mikoko. Tulifika akina mama wachache baada ya swala ya adhuhuri, maji yakimalizia kupwa. Waume walibaki nyumbani na watoto. Hilo tulilishikilia, kwani matembezi mengi ya jamaa zetu ni kuhamisha jiko tu: mama hupakia sufuria, chupa za chai na nguo za kubadilisha, akashinda ufuoni akipakua biriani, akarudi na uchovu uleule aliotoka nao.

Njia ya mbao hupita juu ya tope, nayo huyumbayumba, basi mtu hulazimika kwenda polepole. Chini yake michu imechomoza mizizi yake wima, mithili ya vidole, ipate kuvuta hewa. Tulizima simu na kukubaliana kutosemezana. Mwanzo ulikuwa mzito. Tulitazamana, tukajizuia kucheka. Kila mmoja bila shaka akihesabu moyoni vyombo visivyooshwa. Kisha tukaanza kusikia kaa wakitembea.

Mwili una neva zinazouandaa kukabili hatari, na nyingine zinazoutuliza. Kelele na haraka za kila siku huziacha zile za kwanza zikikesha. Pumzi inapotolewa taratibu, moyo nao hupunguza mwendo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza mwaka 2019 kwamba kotisoli, homoni ya dhiki, hushuka kwa kasi zaidi mtu akaapo penye mandhari ya asili kwa dakika 20 hadi 30. Washiriki walitakiwa waache simu, kusoma na mazungumzo. Asiyeweza kusafiri hadi Mida, kivuli cha mwarobaini uani kwake kitamtosha, ilimradi watu wa nyumbani wamwache akae.

Mwishoni mwa njia kipo kibanda cha kutazamia ndege. Mbele yetu walisimama ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene ya kuvunjia kaa. Hao hutaga katika mashimo wanayochimba kwenye mchanga wa pwani za Ghuba, kisha husafiri hadi kwetu kutafuta chakula. Walikuwa wametulia, wakiyangoja maji.

Maji yalipoanza kujaa chini ya mbao, mwenzetu mmoja, ambaye kwa miezi amekuwa akiamshwa usiku na mapigo ya moyo, alikuwa amelala, kichwa begani mwa dada yake. Hatukumwamsha.