Kabla Uongeze Pakeji, Pima Kwanza

Wasee, wacha niseme hii kitu wazi: wengi wetu hapa Nairobi tunalipia intaneti ambayo haifiki kitandani. Inafika kwa ploti, inafika kwa ruta, alafu inakufia ukutani. Ukipiga simu kulalamika, unaambiwa uongeze pakeji. Na tunaongeza!

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo intaneti ndiyo ofisi yangu. Ikilala, na mimi nimelala njaa. Ndio maana sikubali kuuziwa kasi kabla sijapima.

Kwanza, hesabu. Mbps 10 ni megabiti, si megabaiti. Gawanya kwa 8, unapata MB 1.25 kwa sekunde. Video ya GB 1 itachukua kama dakika 13 kupanda, hata kila kitu kikiwa sawa. Hapo hakuna aliyekuibia.

Pili, chukua waya wa LAN, unganisha laptopu na ruta moja kwa moja, ambia wenzako watoke mtandaoni kidogo, alafu upime. Ukipata 10 kwa waya na 2 ukiwa bedrumu, shida ni WiFi yako. Ile ya 2.4 GHz inapenya ukuta vizuri kiasi, lakini ploti nzima imejazana hapo, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ile ya 5 GHz iko mbio, lakini kuta mbili za mawe zinaimaliza.

Jirani yangu hufanya kazi ya kuandika sauti mtandaoni. Kampuni yake ilimwambia apande pakeji, shilingi elfu moja zaidi kila mwezi. Tukapima kwa waya: kasi yote iko. Ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya TV, chini kabisa. Tukaipandisha juu ya kabati karibu na mlango wa bedrumu, tukabadilisha chaneli. Bado yuko pakeji ileile na kazi inaenda. Hiyo ni elfu kumi na mbili kwa mwaka, buda. Hiyo ni rent ya mtu.

Sasa, kama hata kwa waya ni mbaya, hapo piga simu bila aibu. Angalia taa ya LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki. Faiba ni uzi wa kioo. Ukiukunja kona kali ama mlango ukiubana, mwanga unavuja. Fundi akija, muulize amepata dBm ngapi. Karibu na -20 ni poa. Ikishuka chini ya -27, hiyo laini ni mgonjwa na pakeji kubwa haitaiponya.

Kuna siku shida iko mbali kweli. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Kenya ikawa polepole. Lakini bahari haikatiki kila Jumanne jioni kwako pekee.

Kampuni zitaendelea kutuuzia kasi juu ndiyo biashara yao. Wewe fanya vipimo vitatu, asubuhi, mchana na usiku, kwa waya. Piga skrinshoti. Ukipiga simu, anza na hizo namba, utaona vile mazungumzo yanabadilika.