Oswald Yupi? Fumbo katika Santuri ya Kwanza ya Elvis Costello

Mnamo mwaka 1976, kijana mmoja aliyeitwa Declan MacManus alikuwa akihudumia tarakilishi katika kampuni ya vipodozi ya Elizabeth Arden jijini London. Alikuwa na umri wa miaka 22, mke na mtoto wa kulisha. Siku za kurekodi zilipowadia, alijisingizia ugonjwa kazini akashika njia kuelekea Pathway, studio finyu mno mtaani Islington. Huko, chini ya uelekezi wa Nick Lowe, santuri yake ya kwanza, My Aim Is True, ilirekodiwa kwa takriban saa 24 tu. Ala zilipigwa na kundi la Clover, Wamarekani waliokuwa Uingereza wakati huo. Majina yao hayakuchapishwa kwenye jalada.

Jina la mwimbaji nalo lilikuwa la kuvishwa. Meneja wake, Jake Riviera, ndiye aliyempa lakabu ya Elvis. Costello lilitoka katika ukoo wa babake, ambaye pia alikuwa mwimbaji. Kampuni ya Stiff iliitoa santuri hiyo tarehe 22 Julai 1977. Elvis Presley akafariki tarehe 16 Agosti. Kilichokuwa kejeli ya kijana mwenye miwani mikubwa kikakaribia kuwa kufuru.

Wengi huisifu santuri hii kwa ajili ya Alison, na si kwa makosa. Hata hivyo, wimbo unaomdai mhakiki zaidi ni Less Than Zero, uliotangulia kutolewa peke yake mwezi Machi 1977 bila kupata soko la maana. Costello aliutunga baada ya kumwona Oswald Mosley akihojiwa kwenye runinga. Mosley ndiye aliyeasisi chama cha mafashisti wa Uingereza mwaka 1932; na sasa, uzeeni, alipewa kiti na kipaza sauti kama mzee yeyote mwenye kumbukumbu zake. Hasira ya mtunzi yaelekea kwa Mosley, lakini yaelekea vilevile kwa nchi inayoketi sebuleni na kumtazama bila kushtuka. Haihubiri. Mdundo wake ni wa pole, na mlengwa anatajwa kwa jina la kwanza pekee.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Wahenga walinena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Je, mwerevu aliye na ufunguo wa mlango mwingine? Msikilizaji wa Marekani aliposikia Oswald, alimkumbuka Lee Harvey Oswald, aliyeshtakiwa kwa kumuua Rais Kennedy mjini Dallas mwaka 1963. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alilijaza pengo kwa msiba wa kwao, kama afanyavyo kila msikilizaji.

Costello alijibu kwa namna mbili zisizopatana. Aliandika beti mpya zinazomhusu huyo Oswald wa Dallas, akaziimba jukwaani Amerika Kaskazini. Zimo katika rekodi ya El Mocambo, Toronto, ya Machi 1978. Lakini tarehe 17 Desemba 1977, katika kipindi cha Saturday Night Live kilichorushwa moja kwa moja kutoka New York, aliuanza wimbo huo, akausimamisha, akawaambia watazamaji kuwa hapakuwa na sababu ya kuuimba pale, kisha akaingia Radio Radio, wimbo wa kuwashambulia wenye vyombo vya utangazaji. Hakualikwa tena katika kipindi hicho hadi mwaka 1989.

Kitendo cha pili ndicho kilichompa umaarufu, nacho ni cha kijasiri. Lakini beti za Dallas zinastahili heshima zaidi kuliko zinavyopewa. Kuunyamazisha wimbo kwa kuwa hadhira haiuelewi ni rahisi; kuingia katika kosa la hadhira na kulitungia ubeti ni kazi ya mshairi. Ilhali toleo la Dallas halikufika katika santuri yenyewe. Columbia ilipoitoa Marekani mwezi Novemba 1977, iliongeza Watching the Detectives, ila Oswald akabaki kuwa yule wa London.

Mosley alifariki mwaka 1980. Kijana wa leo anayeisikiliza santuri hii kwa mara ya kwanza, awe London au Dallas, huenda akahitaji kuelezwa habari za Oswald wote wawili.