Mama ana saratani ya titi, lakini kwenye kikao hayumo

Mama aliyevuka miaka 70 akigundulika na saratani ya titi, kikao cha familia huitishwa haraka. Mara nyingi asiyealikwa ni yeye mwenyewe.

Mama mmoja wa Dar es Salaam, mwenye miaka 74 na presha ya siku nyingi, aliugusa uvimbe akiwa anaoga. Kwa kuwa haukuuma, alikaa nao kimya miezi kadhaa hadi mkwe wake alipougundua na kumpeleka hospitali. Watoto walipokutana, kaka mkubwa alisema, "Kwa umri huu tusimtese, tumuache apumzike." Wadogo zake wakanyamaza. Mama alipokuja kuulizwa, alikuwa na swali moja tu: "Nikitibiwa, nitaweza kurudi kwenye vitumbua vyangu?"

Swali hilo lilikuwa bora kuliko kikao kizima.

Kumuacha bila matibabu si kumpumzisha. Uvimbe unaweza kupasua ngozi na kuwa kidonda chenye maumivu na harufu, na ugonjwa ukasambaa hadi kwenye mifupa.

Isitoshe, matibabu si lazima yawe yale ya kunyonyoka nywele ambayo wengi huyaogopa. Kwa wanawake wazee, saratani nyingi za titi hutegemea homoni ili zikue. Sampuli ya uvimbe ikionyesha hivyo, mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji kisha akameza kidonge kila siku, kama tamoksifeni, kwa miaka 5 au zaidi. Hata asiyeweza upasuaji, dawa hizo zinaweza kuudhibiti ugonjwa kwa muda.

Kwa hiyo daktari haangalii umri pekee. Huangalia moyo, figo, sukari, na kama mgonjwa anatembea na kujihudumia. Mpelekeeni dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo. Akiwa kwenye tamoksifeni, mguu mmoja ukivimba ghafla au pumzi ikibana, arudi hospitali siku hiyo hiyo, maana damu inaweza kuwa imeganda.

Na kama mama ameelezwa vizuri, akaelewa, kisha akakataa upasuaji, huo ni uamuzi wake. Bado ana haki ya tiba shufaa ya kumpunguzia maumivu.

Kabla ya kuchangishana au kubishana kwenye kundi la WhatsApp la familia, kaeni naye, mzungumze taratibu, na mmuulize: "Mama, wewe unataka nini?"