Kumtafuta Aliyepotelea Nyikani



Wapendwa waamini wa Munanila, nanyi nyote mnaotusoma kutoka mbali, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba ya hapa kwetu inalifahamu, nalo ni kumtafuta mtu aliyepotea.

Nchi hii ya Buha imezoea kuagana. Babu zetu walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na baadhi yao hawakurudi, wala watoto wao hawajui walizikwa wapi. Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka walitukimbilia mwaka 1972, wakaja tena mwaka 1993, wakaja tena mwaka 2015, na wengi walipoteana njiani, mume akitokea huku na mke kule. Katika kambi za Nyarugusu na Nduta, Chama cha Msalaba Mwekundu kilipokea majina ya waliopoteana, kikawatafutia ndugu zao na kuwapatia simu wapate kusikia sauti. Na siku hizi vijana wetu huteremka kwenda Urambo na Kaliua kulima tumbaku za watu. Mwaka wa kwanza hupiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili hupiga wakati wa Noeli. Mwaka wa tatu namba haipatikani.

Basi tujiulize: anayemtafuta mwenzake aliyepotelea nyikani, hasa anatafuta nini? Na je, akishamwona, kazi yake imekwisha?

Tunayo habari moja kubwa ya namna hii iliyotendeka karibu nasi, pale Ujiji, mahali ambapo mtu wa Munanila hufika kwa safari ya saa chache tu. Ulimwengu mzima unaijua, lakini tunadhani kwamba husimuliwa nusu tu.

Daktari David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, aliingia bara kwa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kabla mwaka ule haujaisha, baadhi ya watu waliokuwa wamemtoroka walifika Zanzibar wakasema ameuawa. Mwaka 1867 wenzake Waingereza walituma msafara hadi Ziwa Nyasa kuuliza, wakagundua kwamba habari ile ilikuwa ya uongo. Hata hivyo barua zake zilizidi kuadimika, na wengi wakamhesabu kuwa mfu.

Aliyekuja kumpata hakuwa rafiki yake. Henry Morton Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, akalipwa fedha kwenda kutafuta habari itakayouza magazeti. Aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na msafara mkubwa. Alivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ambako wapagazi walikwenda mwendo mrefu bila kuona maji, akaingia Ugogo na kufika Tabora. Huko alikuta vita vya Mtemi Mirambo vimeifunga njia ya magharibi, ikambidi azunguke kusini kupitia mapori mengi. Wazungu wawili alioanza nao safari walifariki dunia. Yeye mwenyewe aliugua homa mara nyingi, na watu wake aliwachapa viboko. Hatumsimulii kama mtakatifu.

Hatimaye aliuvuka mto Malagarasi akaingia Buha. Hapa kwetu watemi walimdai hongo, akalipa, akadaiwa tena mbele kidogo, hata akaona kwamba kwa mwendo huo atafika Ujiji mikono mitupu. Basi akamtafuta kiongozi wa njia, wakaondoka usiku kimya kimya, wakapita vichakani wakikwepa vijiji. Katika kitabu chake aliwalalamikia sana wazee wetu. Wazee nao, kama wangeandika kitabu, pengine wangesema kwamba mgeni anayekatiza nchi ya watu akiwa na bunduki nyingi hana budi kubisha hodi na kulipa ushuru.

Alifika Ujiji mwezi Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe. Livingstone alikuwa amerudi hapo muda mfupi uliotangulia, kutoka Manyema ng'ambo ya ziwa, akiwa mgonjwa na amekonda, na moyo wake umejeruhiwa na mauaji ya watu sokoni Nyangwe aliyoyashuhudia mwezi Julai. Akakuta bidhaa alizokuwa ametumiwa zimeuzwa zote na mtu aliyepewa azitunze. Katika shajara yake aliandika kwamba alijiona kama yule mtu wa Injili aliyeteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, ila yeye hakutazamia kuhani, wala Mlawi, wala Msamaria kupita njia ile. Siku chache baadaye mtumishi wake Susi alimjia mbio kumwambia kwamba kuna Mwingereza anakuja.

Watu wengi huishia hapo, kwenye salamu ya wale wawili na kofia mkononi. Sisi tunaona kwamba habari yenyewe inaanzia hapo.

Maana Livingstone alikataa kurudi. Stanley alikuwa amevuka nusu ya Afrika ili ampate, akamletea mfuko wa barua uliokuwa umekwama Tabora, akampa chakula, nguo na dawa, akamsihi waende nyumbani. Mzee akasema bado anatafuta chanzo cha mto Nile. Stanley angeweza kukasirika akaondoka siku ya pili, kwa kuwa habari ya gazeti alikwisha kuipata. Lakini alikaa naye miezi minne hivi. Walipanda mtumbwi pamoja hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakaona kwa macho yao kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Homa ilipomwangusha kijana, mzee alimwuguza. Wakaenda pamoja hadi Tabora, wakaagana tarehe 14 Machi 1872, na hawakuonana tena. Aliyekuja kwa ajili ya mshahara aliondoka akilia machozi ya mwana kwa baba yake.

Wapendwa, jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Tulikuwa na rafiki tuliyeketi naye dawati moja katika shule ya msingi. Sisi tulikwenda seminari, yeye akaenda Kaliua kwenye tumbaku. Baada ya miaka kadhaa habari zake zilikatika kabisa. Mama yake mzazi alikuwa akitungoja nje ya kanisa baada ya Misa, na swali lake lilikuwa lile lile: "Mwanangu Padre, hujasikia lolote?" Mwaka mmoja, baada ya Pasaka, tulipanda treni Kigoma pamoja na mdogo wake, tukashuka Kaliua, tukaanza kuuliza. Tuliuliza kwenye maghala ya tumbaku, kwenye vigango, kwa waendesha baiskeli waliobeba mkaa. Siku ya nne mtu mmoja alituelekeza kwenye kambi iliyo ndani kabisa ya pori la miombo, ambako barabara huisha na kuwa njia ya ng'ombe.

Tulimkuta akichochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Alitutambua mara moja, akageuza uso. Kwa muda mrefu hakusema neno. Baadaye usiku, moto ukiwa umepungua, alitueleza kwamba misimu miwili mfululizo tajiri alimkata madeni ya chakula na mbolea hata hakubakiwa na kitu, na kwamba mtu hawezi kurudi kwa mama yake na mikono mitupu baada ya miaka tisa. Mdogo wake alimsihi hadi alfajiri. Hakukubali.

Tulikaa naye siku mbili. Tulikula ugali wake na mlenda, tukamsaidia kupanga majani kwenye fito, tukasali naye rozari. Tulipoondoka alitusindikiza mpaka barabarani, akatupa namba ya simu ya mwenye duka ambaye angeweza kumpelekea salamu.

Njiani mdogo wake alikuwa na uchungu, akisema tumekwenda bure. Lakini tulipomweleza mama, yeye alinyamaza kidogo kisha akasema: "Basi sasa najua anapolala. Nilikuwa namwombea bila kujua nielekeze wapi uso." Tangu siku hiyo simu ya yule mwenye duka haikupumzika. Rafiki yetu bado yuko huko, na hatujui kama atarudi. Lakini hawezi tena kuitwa aliyepotea.

Turudi kwa Livingstone, kwa maana habari yake ina sehemu ya tatu, na hiyo ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Mapema mwezi Mei 1873 alifariki dunia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Hapakuwa na Mzungu yeyote karibu. Waliokuwapo ni Susi na Chuma, Jacob Wainwright, Halima mpishi, na wenzao wengine. Wangeweza kumzika na kutawanyika, na hakuna mtu angewalaumu.

Wao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakaubeba. Walikuwa takriban watu 60, wakatembea zaidi ya kilomita 1,500 kuelekea pwani, na baadhi yao walikufa njiani. Walipofika Tabora walikutana na Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa na Waingereza kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike pale pale, kwa kuwa njia ya mbele ni ya hatari. Walikataa. Mbele ya safari, walipoona kwamba watu wanaogopa maiti kupita katika nchi yao, waliufunga mwili kama mzigo wa kawaida wa bidhaa, wakaendelea. Mwezi Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukapokelewa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Marehemu hakuwa Mkatoliki, na wengi wa wabebaji hawakuwa Wakristo. Hakuna aliyeuliza hayo mlangoni. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London, katika kanisa la Westminster. Jacob Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.

Tukiulizwa ni nani aliyempata Livingstone, watoto wa shule hujibu: Stanley. Ni kweli. Lakini Susi na Chuma hawakuhitaji kumtafuta, kwa sababu walianza naye safari mwaka 1866. Walipokuwa wakisikia huko pwani kwamba amepotea, wao walikuwa wakimpikia uji. Kwao hakuwa amepotea.

Katika Injili ya Luka, mchungaji anapomwona kondoo wake hampigi fimbo ili atembee mbele yake. Anamweka mabegani. Mara nyingi tunaposoma tunafurahia yale maneno ya kuonekana, tukayapita haraka yale ya mabega. Kondoo mzima ni mzito, na njia ya kutoka nyikani ni ndefu. Kuona ni kazi ya siku moja. Kubeba huchukua miezi kumi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu, ambayo yanawezekana hapa Munanila.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iandike majina ya watu wake walioondoka na ambao habari zao zimekatika. Yasomwe kila mnapokutana, na mwenye safari ya kwenda Tabora, Katavi au Morogoro apewe majina hayo aulize. Mtu anayetajwa kwa jina kila juma ana njia bado ya kurudi.

Pili, mkimwona aliyepotea, msimwulize kwanza ameleta nini. Tunafahamu vijana ambao wangekuwa wamekwisha kurudi zamani, kama wasingeogopa macho ya jirani na kicheko cha kilabuni. Nauli ya treni inaweza kuchangwa. Aibu hatuwezi kumchangia mtu. Tunaweza tu kuacha kumtwika.

Tatu, zipo familia ambazo zimetafuta mpaka mwisho na hazikupata mtu wala kaburi. Kwao tunasema: njooni, tuadhimishe Misa kwa ajili yake, mtaje jina lake mbele ya altare, mlie pamoja na ndugu. Kufanya hivyo si kumkatia tamaa. Ni kumkabidhi mahali ambapo miguu yetu haifiki, kwa Yeye ambaye kwake hakuna nyika isiyo na njia.

Orodha za Jumuiya zitapokelewa ofisini kwa katekista kuanzia Jumapili hii. Waleteni hata wale ambao majina yao yanataja aibu ya zamani. Hatutauliza sababu za kuondoka kwao.

Tunawatakia juma jema lenye amani. Mwenyezi Mungu awabariki ninyi mliopo nyumbani, na awalinde wote walio mbali nasi.